Kabla ya fulana na medali, pimeni raundi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwafikie wanaotaka kuandaa mbio za saa 6, 12 au 24 katika bustani na misitu ya miji yetu. Kanuni ya mbio hizi ni nyepesi. Wakimbiaji hupewa njia fupi inayozunguka hadi ilipoanzia, hupewa muda, na atakayekwenda mbali zaidi kabla ya kipenga cha mwisho ndiye mshindi. Barabara hazifungwi. Hakuna gari linalokuja nyuma kuwazoa waliochelewa. Mama wa miaka 65 anayetembea tangu mwanzo humaliza dakika ileile na kijana aliyekimbia kilomita 75. Ni mbio zinazotufaa sana, na ningependa kila kaunti iwe na zake.

Ila mara nyingi tangazo la mbio huanza na rangi ya fulana na umbo la medali, na urefu wa njia hutajwa kwa neno "takriban". Katika marathoni ya kutoka mahali hadi mahali, njia ikikosewa kwa mita 10, kosa ni mita 10 basi. Katika mbio za raundi kosa huzaana. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba hujazwa mita ambazo hakuna aliyezikimbia. Mwaka 1997 Mgiriki Yiannis Kouros aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 303.506 kwa saa 24 kwenye uwanja wa mita 400 mjini Adelaide, yaani raundi zaidi ya 758. Lau kila raundi ingepungua mita 1 tu, rekodi hiyo ingebeba mita 758 za uongo. Ilidumu hadi 2021, Aleksandr Sorokin wa Lithuania alipofika kilomita 309.399 huko Pabianice, Poland. Mwaka uliofuata, mjini Verona, Sorokin huyo huyo akafika 319.614. Tarakimu hizo tatu baada ya nukta zina maana kwa sababu kuna watu waliolala chini kupima.

Wakenya hatuhitaji kuelezwa faida ya njia ya kuzunguka. Eliud Kipchoge alikimbia 2:00:25 mjini Monza mwaka 2017 kwenye raundi ya kilomita 2.4, na 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 ndani ya bustani ya Prater, kwenye raundi ya kilomita 9.6. Njia ikiwa fupi, waandaaji huweza kuikagua mita kwa mita, na msaada haukai mbali na mkimbiaji. Nafuu hiyohiyo inapatikana kwa mbio ndogo ya watu 60 katika bustani ya mtaani, mradi kazi ya msingi ifanywe.

Nianze na kupima, maana hapo ndipo wengi huruka. Simu na saa za mkononi zinazotumia setilaiti haziwezi kazi hii. Hunasa nukta moja baada ya nyingine kisha kuziunganisha kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kona hukatwa, na chini ya miti mizito nukta zenyewe huyumba. Tuseme raundi yenu ina mita 1,250 na simu imekosea kwa asilimia 1 tu. Hizo ni mita 12.5 kila raundi. Mkimbiaji wa kasi ya dakika 6 kwa kilomita hufanya raundi 8 kwa saa, raundi 48 kwa saa 6, na kosa limefika mita 600. Kwa mbio ambazo nafasi ya pili na ya tatu huweza kutenganishwa na mita 200, matokeo hayo hayafai kubandikwa ukutani.

Njia inayokubalika duniani ni ya baiskeli iliyolinganishwa. Kwenye ekseli ya gurudumu la mbele hufungwa kihesabio kiitwacho Jones, ambacho huhesabu karibu alama 11,000 kwa kila kilomita, hivyo alama moja ni kama sentimita 9. Kwanza tafuteni kipande cha barabara kilichonyooka, mpime mita 300 kwa tepu ya chuma ya mita 50, mkiivuta kwa nguvu ya kilo 5 ileile kila mara, na mpige msumari mwanzo na mwisho. Tepu za chuma husoma sawasawa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Jua likiipasha tepu hadi nyuzi 30, mita 300 zenu zitakuwa zimezidi kwa sentimita 3.5, na hilo lirekebishwe kwa hesabu au mpime alfajiri. Kisha mpanda baiskeli apite kwenye kipande hicho mara 4, akiandika alama za kila safari, aende kupima raundi mara 2, na arudi kupita kwenye kipande kile mara 4 tena. Mara nne za mwisho si za mapambo. Kadiri asubuhi inavyopamba moto, hewa ndani ya tairi hupanuka, gurudumu hukua kidogo, na alama kwa kilomita hupungua. Asiyerudi kulinganisha hatajua lini mizani yake ilibadilika.

Mpanda baiskeli asibadilishwe katikati ya kazi, wala asipokezwe mkoba njiani, kwa kuwa uzito hulibonyeza tairi. Tairi lijazwe upepo mkali jana yake. Na kama njia yenu ni ya murram au vumbi, kama zilivyo nyingi ndani ya misitu, kipande cha mita 300 nacho kiwe cha murram: gurudumu lililolinganishwa kwenye lami husoma tofauti likifika kwenye udongo laini. Vipimo viwili vya raundi ya mita 1,250 visiachane kwa zaidi ya mita 1. Vikizidi hapo, mpanda baiskeli aliyumba au alipita mstari mwingine, na kazi irudiwe.

Idadi ya alama kwa kilomita, iliyopatikana kwenye kile kipande cha mita 300, huzidishwa kwa 1.001 kabla ya kuitumia. Wako wanaoiona nyongeza hii kama ukarimu usio na sababu. Sababu ipo. Kila kipimo kina shaka yake ndogo, na nyongeza ya mita 1 kwa kila 1,000 huhakikisha kwamba shaka hiyo haimpi mtu umbali ambao hakuukimbia. Raundi mnayoiandika mita 1,250 kwa kweli itakuwa na kama mita 1,251, na mkimbiaji atapewa 1,250.

Mstari wa kupima ni ule mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa kona. Kupima katikati ya njia ndilo kosa ninalolijali kuliko yote, kwa kuwa humdanganya hata mtu mwangalifu mwenye vifaa vizuri. Ukizunguka mita 1 nje ya mstari, unaongeza mita 6.28 kwa raundi, iwe raundi ni ya mita 400 au ya kilomita 3. Hesabu ya duara haijali ukubwa. Katika njia ya upana wa mita 3, katikati ni mita 1.2 nje ya mstari halali, nanyi mtakuwa mmewapa wakimbiaji mita 7.5 za bure kila raundi, mita 360 kwa raundi 48. Hayo ni kwa njia inayopinda upande mmoja tu. Ikiwa inapinda huku na huku, tofauti ni kubwa zaidi.

Palipo na nyasi zinazoweza kukatwa kwa njia ya mkato, wekeni koni kila mita 2 kwenye kona, na chini ya kila koni piga alama ya rangi au msumari. Bustani ni ya watu wote. Mtoto akifukuza mpira na kusogeza koni, raundi imebadilika, na bila alama ya chini hakuna atakayejua ilikuwa wapi. Wakati huohuo wa kupima, tieni alama ndogo zenye namba kila mita 50 kuzunguka njia yote. Zitawaokoa dakika ya mwisho, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu kuchagua njia yenyewe, raundi ya kilomita 1 hadi 2 ndiyo nzuri. Fupi kuliko hapo, watu 60 watakanyagana. Ndefu kuliko hapo, anayeishiwa nguvu upande wa pili hukaa muda mrefu bila kuonekana. Upana usipungue mita 3. Angalieni mlima mdogo ambao mtembezi wa Jumapili hauoni: mwinuko wa mita 5 kwa raundi ni mita 240 za kupanda kwa saa 6, na magoti yataulipia wakati wa kuteremka. Mizizi ya miti ipakwe rangi nyeupe. Vibali ni suala la kaunti, polisi na, kwa misitu, Huduma ya Misitu ya Kenya. Muwaendee mapema.

Kazi ya pili ni kuhesabu, na hapa pesa haziondoi wajibu. Anayekodi chipu za kielektroniki za kuhesabia raundi na mikeka ya kuzisoma hudhani amemaliza. Chipu zinazobandikwa nyuma ya namba hushindwa kusomwa zikifunikwa na koti lililolowa, zikikunjwa, au zikivaliwa kiunoni chini ya mkanda wa chupa, kwa sababu maji na mwili wa mtu humeza mawimbi yake. Namba ivaliwe kifuani, juu ya nguo zote. Wekeni mistari miwili ya mikeka, wa pili mita chache mbele ya wa kwanza, ili kinachokosekana kwenye mmoja kipatikane kwenye mwingine. Mikeka iwe mbali na meza ya chakula, choo na viti. Mtu akisimama karibu na mkeka kunywa uji, mashine itamsoma mara 20. Programu iambiwe isikubali raundi iliyo chini ya dakika 3 kwa mita 1,250, na iwe na betri ya akiba, maana jenereta huzimika bila kuaga.

Kamera moja iliyosimama imara ikitazama mkeka, na saa kubwa ikionekana ndani ya picha, ina thamani kuliko mashine nyingine zote. Mkimbiaji aliyekuwa akifanya dakika 7:30, 7:35, kisha ghafla 15:20, halafu 7:40, ama aliketi raundi nzima ama mashine imempoteza mara moja. Karatasi pekee haiwezi kuamua. Mtu anafungua picha za dakika ile ya katikati, anaona kama namba yake ilipita, na jambo limekwisha kabla kelele haijaanza. Awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kutafuta mapengo ya namna hiyo, kila nusu saa.

Kwa mbio ndogo, wahesabu wa mkono wanatosha kabisa, na mimi nawaamini. Mhesabu mmoja achukue wakimbiaji 4, au 5 ikiwa wengi wao wanatembea. Kila mkimbiaji ana karatasi yake, yenye namba ya raundi, saa aliyopita, na tofauti na raundi iliyotangulia. Vijiti vitano-vitano bila saa havifai, kwa kuwa kijiti kilichosahaulika hakiachi alama, lakini saa iliyosahaulika huacha pengo linaloonekana. Mkimbiaji hutaja namba yake akipita, na mhesabu hujibu kwa sauti. Asiposikia jibu, asimame aulize. Sekunde 3 anazopoteza ni nafuu kuliko raundi ya dakika 7. Zamu isizidi saa 2, na anayeingia aketi kando ya anayetoka kwa dakika 10 ili azijue sura na mwendo wa watu wake. Wahesabu wapewe kivuli, chai na chakula kabla ya mtu mwingine yeyote uwanjani. Wakisinzia hawa, hakuna mbio.

Msimamo ubandikwe kila saa, na mkimbiaji aruhusiwe kulalamika mbio zikiendelea, wakati picha na kumbukumbu bado ni mbichi.

Hapa lugha yetu inatusaidia kwa namna ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Mbio zikianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa ya Kiswahili ndiyo saa ya mbio. Ikifika saa moja, imepita saa moja. Saa nne ni saa nne za kukimbia, na saa sita mchana kipenga kinalia. Mtangazaji, mhesabu na mkimbiaji aliyechoka akili hawana haja ya kutoa wala kujumlisha. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbio za saa 12 huingia barabara kati ya kukucha na kuchwa. Dakika za kwanza bado kuna kiza chini ya miti, hivyo mwambie kila mtu aje na tochi ya kichwani.

Sasa meza ya maji. Raundi fupi ina hatari yake ambayo mbio za barabarani hazina. Mkimbiaji anayepita mezani mara 8 kwa saa na kunywa kikombe cha mililita 150 kila mara atakuwa amekunywa lita 1.2 kwa saa, kiasi ambacho huwashinda wengi, hasa watembezi wa pole wasiotoka jasho jingi. Maji yakizidi, chumvi ya damu huzimuka, ubongo huvimba, na mtu huweza kufa. Dalili ni kichwa kuuma, vidole kuvimba hadi pete kubana, kutapika, na kuchanganyikiwa. Tatizo ni kwamba hufanana na za mtu aliyepungukiwa na maji, na msamaria mwema hukimbilia kumpa maji zaidi. Asipewe. Huyo apelekwe hospitali. Tumieni vikombe vidogo vya mililita 60 hadi 70, na waelezeni watu wanywe wakisikia kiu tu.

Kwa wakimbiaji 60, mililita 600 kwa saa kila mmoja, kwa saa 6 mnahitaji lita 216 za kunywa. Ongezeni kiasi kama hicho cha kujimwagia kichwani na kunawa, nanyi mko kwenye mitungi 22 ya lita 20. Mchanganyiko wa chumvi na sukari unaofundishwa kliniki unafaa pia hapa: kila lita ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya sukari, vyote vya kusawazishwa. Kila mkimbiaji aje na kikombe chake chenye jina. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, fuo na misitu ya Kenya, na Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, haustahili kuachiwa hata kizibo kimoja.

Chakula kiwe kile ambacho tumbo linakijua. Viazi vya kuchemsha vilivyochovywa chumvi, ndizi, machungwa, chapati iliyokatwa vipande, uji wa wimbi kwenye chupa za moto, chai ya maziwa kwa wasiosumbuliwa nayo. Mwili hupokea gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa kwa utulivu, na ndizi moja ya wastani pamoja na kikombe cha uji mtamu hukaribia gramu 50. Anayengoja njaa ndipo ale huwa amechelewa. Vyombo viwe na vifuniko na awepo mtu wa kuvilinda saa zote. Katika City Park, Arboretum na Karura, hapa Nairobi, kuna tumbili na kima ambao watalitembelea shada la ndizi mara moja tu, na mkimbiaji atafika mezani kukiwa na maganda.

Daktari au muuguzi akae mahali ambapo kila mkimbiaji hupita mbele yake. Hii ni zawadi kubwa ya raundi: anamwona mtu yuleyule kila dakika 7 au 8, na mwendo unaoyumba humwonya mapema. Dawa za maumivu jamii ya ibuprofen zisigawiwe mezani, maana figo za mtu anayekimbia saa nyingi juani tayari zimebanwa. Anayekojoa mkojo wa rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, asimamishwe na apelekwe kupimwa. Mafuta ya mgando yawepo kwa wingi, kwa mapaja na makwapa. Choo kiwe kando ya njia, na atokaye njiani arudi palepale alipotokea.

Kuhusu kugeuza mwelekeo, kwa saa 6 sioni haja. Kwa saa 12, mara moja katikati huupumzisha mguu uliokuwa ukibeba kona. Ila mpangilio wake huvuruga hesabu usipofikiriwa. Kila mkimbiaji amalize raundi yake, avuke mkeka, azunguke koni iliyowekwa mita 10 mbele, na kuuvuka tena akirudi alikotoka, huku mtunza saa akifuta ule usomaji wa pili. Kwa dakika kadhaa kutakuwa na wanaokwenda na wanaokuja, hivyo kila mtu ashike kushoto.

Mbio za saa 24 ziachwe hadi mmeandaa za saa 6 angalau mara mbili bila raundi hata moja kupotea. Usiku huleta taa, ulinzi, baridi ya Julai na wahesabu wanaosinzia, na bustani nyingi hufungwa jioni.

Mwisho wa mbio ndio unaohitaji mazoezi. Muda ukikaribia kwisha, kila mkimbiaji akipita hupewa kipande cha mbao chenye namba yake. Kipenga kikilia, anakiweka chini hapo alipo na kukiacha. Kipenga kimoja hakitoshi. Miti na upepo humeza sauti, na aliye upande wa pili ataendelea kukimbia. Wawekeni watu watatu au wanne kuzunguka njia, saa zao zikiwa zimelinganishwa kwa sekunde, wapulize pamoja. Hao hao walinde vipande hivyo visiokotwe na watoto au na mkimbiaji mwenyewe anayetaka kumbukumbu. Kisha watu wawili, mmoja na tepu na mwingine na daftari, wanatembea kuzunguka wakipima kutoka alama ya mita 50 iliyo nyuma ya kila kipande. Aliyefika raundi 47 na kipande chake kiko mita 18.4 mbele ya alama ya 650 amepata kilomita 58.750 na mita 668.4, jumla kilomita 59.418, tukiacha sentimita. Kazi nzima kwa watu 60 haichukui hata saa moja ikiwa alama zipo. Zisipokuwepo, ni bora mtangaze mapema kwamba raundi kamili tu ndizo zitakazohesabiwa, na kati ya waliolingana raundi, atakayeitimiza raundi yake ya mwisho kwanza ndiye atakayetangulia, kuliko kukadiria kwa macho.

Matokeo yabandikwe siku hiyohiyo yakiwa na raundi, mita za ziada na jumla, pamoja na urefu wa raundi, jina la aliyepima na tarehe aliyopima. Karatasi za wahesabu na picha za kamera zitunzwe angalau mwaka mmoja, na mkimbiaji anayetaka kuona yake aonyeshwe.

Wako,
Mpenzi wa mbio ndefu,
Nairobi